Maji ya Ndahani

Mchanga wa korongo ukichimbwa mpaka ukafika kwenye unyevu hutoa harufu ambayo sijaikuta mahali pengine. Si harufu ya shamba baada ya mvua. Hii ni ya baridi, ina chuma ndani yake, na ina kitu kama maziwa yaliyolala kwenye kibuyu. Mwezi uliopita, vijana walipokuwa wakichimba kaburi la mama yangu juu kidogo ya ukingo, jembe liligonga unyevu na harufu ile ikapanda. Wenzangu walikuwa wakilia. Mimi nilikuwa mtoto tena, nimesimama chini ya shimo, maji yakinifika vifundoni, nampandishia mama kata ya maji.

Nilisoma madarasa machache kwa wamisionari na sijawahi kuandika kitu kirefu kuliko barua. Lakini lipo jambo juu ya korongo hili ambalo watu hulisema sivyo, na tangu siku ya kaburi silali vizuri. Nitalieleza kama nilivyoliona. Mtanivumilia nikienda polepole.

Kwetu ni kwenye njia ya kutoka Dodoma kwenda Chemba, nchi ya migunga na vumbi jekundu. Makorongo yetu hayana maji ya kuonekana. Mvua ikinyesha, maji hushuka kwa kelele, yanang'oa miti na kubeba mbuzi wa watu, kisha yanazama mchangani, na muda wote uliobaki wa mwaka mnayafuata huko chini kwa jembe na kwa kucha. Kila mji ulikuwa na shimo lake, limezungushiwa miiba ili ng'ombe wasiliporomoshe. Na korongo lenyewe, refu kama lilivyo, halikuwa na jina moja. Kila kipande kiliitwa kwa jina la mtu aliyechimba pale kwanza akapata.

Kipande chetu kiliitwa kwa babu yangu mzaa baba, Masinga. Alikichimba ujanani mwake, mwaka wa ukame, wenzake wamekaa ukingoni wanamcheka, akatokea na maji matamu ambayo hayakukauka hata miezi ile ambayo ndege hufa mitini. Tangu hapo mtu aliyetaka kunywa au kunywesha mifugo alisimama ukingoni akasema kwa sauti, "Nimekuja kwa Masinga," ndipo akashuka. Kunywa bila kutaja ulikuwa wizi. Mwenye maji akifa, mwanawe au mjukuu wake huyarithi, na hapo ndipo jina hubadilika. Kumbadilishia mtu jina la maji naye yu hai ni kumzika akiona.

Baba yangu alikufa kwa ndui mimi nikiwa mgongoni. Mama alibaki pale pale kwa baba mkwe wake, na watoto wawili: kaka yangu Ndahani, na mimi. Kwa hiyo katika tembe letu walikuwamo mzee mmoja, mkamwana wake, kijana mmoja na msichana mdogo, na ng'ombe upande wa pili wa ukuta wakitafuna usiku kucha.

Mkamwana wa siku zile hakutaja jina la baba mkwe wake. Hakulitaja mbele yake, wala nyuma yake, wala akiwa peke yake porini. Hakula naye, hakumpitia mbele, hakumtazama usoni. Alipolazimika kumtaja alizungukia kwa mtoto: "babu yake Ndahani". Mama alilishika hilo kuliko wanawake wote wa kwetu. Alikuwa ametoka kwa watu maskini, na nadhani heshima ndiyo mali pekee aliyokuja nayo. Wazee walikuwa wakimwonyesha kwa wasichana: tazameni yule, mkiolewa muwe hivyo.

Mimi nilikuwa upande mwingine kabisa. Mjukuu ni mtani wa babu. Babu aliniita mke wake, nami nilimwita mume wangu, na nilipomkasirikia nilimwita Masinga, kavukavu, kama ninavyomwita mbuzi. Meno yangu ya mbele yalikuwa yameng'oka, yake yalikwisha zamani, basi sote wawili Ndahani alituita Vibogoyo. Na kwa kuwa babu na mama hawakusemeshana, maneno yao yote yalipita kwangu, hata wakiwa wamekaa ua mmoja, mama akiwa amejigeuza nyuma ya kilindo cha nafaka.

"Kibogoyo, mwambie mama yako ugali wa leo una mchanga."

"Mama, babu anasema ugali una mchanga."

"Mwambie babu yako amwulize mkewe mdogo. Ndiye aliyesaga."

"Babu, mama anasema..."

"Nimesikia! Mwambie mke huyo namrudisha kwao."

Ndahani alikuwa akicheka mpaka anaangusha tonge. Wakati ule nilidhani kila nyumba duniani huendeshwa hivyo, na kwamba kazi yangu ilikuwa kubwa sana.

Sasa niwaambie siku ya shimoni. Reli ilikuwa imekwisha fika Dodoma, na Wajerumani walikuwa wakipima njia ya kwenda Kondoa. Sisi hatukujua. Tuliona tu mzungu mmoja mbali, amesimama juani na kitu cha miguu mitatu, anakichungulia kama anayetafuta chawa. Mimi nilikuwa chini ya shimo. Watoto wepesi ndio walioshushwa, kwa sababu mtu mzima huangusha kingo. Kule chini kuna ubaridi, na sauti za juu husikika kama zinatoka kwenye mtungi. Nikasikia viatu mchangani. Nikaona pembeni mwa shimo miguu ya askari iliyozungushiwa vitambaa, nikadhani ana vidonda vikubwa, nikanyamaza kwa kumwonea huruma na kwa hofu. Aliyesema alikuwa karani wa pwani, Kiswahili chake kilikuwa laini. Mama alikijua kidogo kwa kuuzia misafara unga.

"Hujambo, mama."

"Sijambo, bwana."

"Maji haya yana jina?"

"Yana."

"Jina lake nani?"

"Ni ya babu yake Ndahani."

"Mimi sitaki ukoo, mama. Bwana mkubwa anaungua pale. Nataka jina moja la kuandika."

"Mtu wa kulitaja hayupo. Amekwenda na ng'ombe. Jioni atakuja."

"Jioni sisi tuko mbali. Mbona unaumauma midomo? Nimekuuliza jina la maji, sikukuuliza umelala na nani!"

Askari akacheka. Nikasikia maji yakichuruzika mchangani karibu na kisigino changu.

"Sema lolote," karani akasema, sasa kwa uchovu. "Lolote mnaloitana hapa."

"Ndahani," mama akasema.

Viatu vikaondoka. Mama akainama shimoni akanyoosha mkono apokee kata, na uso wake ulikuwa wa kawaida. Kwake lilikuwa jambo dogo. Mgeni alitaka neno la kubeba, akampa neno ambalo mdomo wake uliruhusiwa.

Siku chache baadaye watu wa serikali walirudi wakapigilia kibao kwenye mkuyu wa ukingoni, kimeandikwa kwa rangi nyeusi. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua kusoma. Wengine walisema ni dawa ya kuzuia maji yasikauke, wengine ya kuyakausha. Babu hakuwa na shaka. Maji ni ya Masinga, kibao ni cha maji, basi kilichoandikwa ni Masinga. Mzungu ametoka kwao akasikia habari zake!

Jamani, furaha ya mzee yule. Alikwenda kila asubuhi kukiamkia kibao chake. "Mbukwa, Masinga," alisema, kama tunavyosalimiana kwetu, kisha akajiitikia kwa sauti nyingine, ya heshima zaidi. Alikipaka samli kisipasuke na jua, mbwa wakawa wanasimama kwa miguu miwili kukilamba, naye anawafukuza kwa fimbo. Wageni waliokuja kunywesha aliwasimamisha na kuwaonyesha kwa kidole: hapa ndipo jina linapoanza, hapa linapanda, hapa linaishia. Ndahani alimwuliza mbona mkia wa jina lake umepinda. Babu akasema ndivyo Wazungu wanavyoandika watu wakubwa.

Mama alikuwa akitazama hayo kwa mbali. Siku moja akaniita, akanishika bega. "Mwambie babu yako kibao kile..." Nikangoja. Mdomo wake ukabaki wazi. Kisha akasema, "Mwambie chakula kiko tayari." Nami nikakimbia, nikasema chakula kiko tayari.

Nimefikiri sana juu ya siku ile. Sidhani alimwogopa. Angemwambiaje mzee, kupitia kinywa cha mtoto, kwamba maji yake yamepewa mtu mwingine naye angali anatembea? Aliona ni afadhali asijue. Hakuna msomaji kwetu, nani atamwambia?

Kisha vikaja vita vya Wazungu wenyewe kwa wenyewe. Sisi tulivijua kwa njia ya njaa. Walichukua ng'ombe, wakachukua mtama, wakachukua wanaume wa kubeba mizigo. Misafara ilipita kwenda upande wa Kondoa, watu wamebeba masanduku vichwani, shingo zimeingia mabegani, wengine wakitembea huku wamefumba macho. Walikunywa kwetu. Hawakutaja jina la mtu.

Asubuhi moja ya kiangazi ulikuja msafara mkubwa kuliko yote, na askari, na karani mwingine, na mzungu juu ya nyumbu. Walikunywa mpaka shimo likabaki tope. Halafu karani akaenda chini ya mkuyu, akafuta samli kwa kiganja, akasoma, akaja uani kwetu. Majirani walikuwa wamekusanyika, kwa kuwa palipo na askari watu husimama pamoja kama mbuzi.

"Mwenye maji aje!"

Babu alikuwa tayari amesimama. Alikuwa amejifunga nguo yake nzuri, nadhani alitumaini kupewa kitambaa. "Ndiye mimi."

"Wewe ndiye Ndahani?"

"Ndahani ni mjukuu wangu. Maji ni yangu. Jina langu si hilo pale mtini?"

Karani akamtazama, akacheka bila ubaya. "Mzee, pale pameandikwa Ndahani. Herufi kubwa kama kichwa chako."

Mtu mmoja kwa nyuma akaguna. Alikuwa mmoja wa wale walioonyeshwa jina kwa kidole, hapa linapanda, hapa linaishia. Babu hakugeuka. Akanyoosha mkono, akanigusa kichwa.

"Kibogoyo. Muulize mama yako, siku wageni walipomkuta shimoni alitaja jina gani."

Zilikuwa hatua chache tu kufika kwa mama. Alikuwa amepiga magoti karibu na jiwe la kusagia, uso chini. "Mama, babu anauliza ulitaja jina gani."

"Mwambie babu yako nilitaja la mwanangu. Lake silitaji."

"Babu..."

"Nimesikia."

Karani hakuwa mtu mbaya. Alitaka tu kumaliza kazi. Akaeleza kwamba wanamtaka mwenye maji awaongoze mpaka kwenye maji yanayofuata, kwani mashimo ya mbele yamefichwa kwa miiba na watu wamekimbia. Kesho jioni atakuwa amerudi kwake. "Mzee anasema ni yeye, kibao kinasema ni mwingine. Mama, wewe ndiye uliyetaja. Taja sasa mbele ya watu, jina lenyewe, si ukoo. Mwenye maji haya ni nani?"

Watu wote wakamtazama mama. Babu naye, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, alimtazama mkamwana wake moja kwa moja. Alikuwa anamngoja. Nilimwona anamngoja. Mbele ya majirani waliomwona akijiamkia asubuhi zote zile, alitaka mtu mmoja aseme kwamba maji ni yake, na mtu huyo hakuweza kuwa mwingine.

"Ni ya Masinga!" nikapiga kelele mimi. "Masinga ni huyu hapa, mume wangu!"

Askari wakaangua kicheko. Karani akanipungia mkono kama anayefukuza kuku. "Mwondoeni mtoto. Mama, sema."

Midomo ya mama ilifunguka. Nilikuwa bado kando yake, niliona ulimi wake ukiinuka ndani. Kisha ikafungika.

Hapo babu akacheka kicheko kifupi, kikavu. "Kumbe mimi nimekwisha kufa," akasema, "na urithi umekwisha gawanywa. Vema. Kama maji ni ya Ndahani, aende Ndahani."

Ni maneno hayo tu. Nadhani hata hakuyafikiri. Ilikuwa hasira ya mzee aliyeaibishwa, na safari yenyewe ilikuwa ya siku moja. Kesho jioni wangekaa wote uani, angenuna kidogo, mimi ningepeleka maneno huku na huku mpaka yaishe.

Ndahani alifurahi. Lazima niseme hivyo, maana ni kweli. Alikuwa ndiyo kwanza anaota ndevu, na alichoshwa na mbuzi. Alichukua fimbo yake na kibuyu kidogo, akatazama kule mkuyuni akasema, "Babu, kumbe ndiyo maana mkia ulipinda!" Watu wakacheka kwa ahueni. Babu hakucheka. Kisha Ndahani akaniambia mimi, "Kibogoyo, kesho nakuletea kitambaa cha askari. Usimpe yule mbuzi mweusi chumvi yote." Mama alisimama ukingoni mpaka vumbi lao likashuka.

Kesho jioni hakurudi. Wala keshokutwa. Baada ya mavuno ambayo hayakuwapo, alipita Mrangi mmoja, mchukuzi aliyetoroka, miguu imepasukapasuka. Babu alimpa maji, akamwuliza. Mtu yule akasema alimwona kijana wa namna hiyo kwenye vilima vya Kondoa, amebeba sanduku, anachechemea, anakohoa. Walikuwa wakimwita Maji, kwa sababu aliwaonyesha maji. Baadaye hakumwona tena. Ndiyo habari yote ya Ndahani tuliyopata hata leo.

Tangu siku ile babu aliacha kwenda kwenye kibao kwa kuamkia. Alikwenda kwa kunywa tu, na alipofika ukingoni alisimama, mwenye maji mwenyewe, akasema kwa sauti ya kusikika ng'ambo, "Nimekuja kwa Ndahani." Ndipo akashuka. Mtu akija na kusema "kwa Masinga", alimrudisha juu akaseme upya. Watu walidhani ni huzuni, wakamfuata. Hivyo ndivyo jina lilivyoingia. Siku hizi wakubwa wa wilaya na walimu huwaambia watoto kwamba Ndahani alikuwa mtu wa kale aliyevumbua maji. Wengine husema alikuwa mtemi. Hakuwa mtu wa kale. Alikuwa na makovu ya miiba magotini, na alikuwa akinipigia mluzi niamke.

Mimi nilimwacha babu. Sikumwita tena mume wangu, wala Masinga. Alinichokoza, "Kibogoyo, meno yameota sasa unaniringia?" nami nikapita kimya. Nilikuwa mdogo, lakini nilijua ninachofanya. Maji hayakumwita tena, mkamwana hakuweza kumwita, wenzake wengi waliomwita walikuwa wamekufa kwa njaa. Mimi niliyekuwa na ruhusa nikajinyima. Katika yote ninayoyaandika hapa, hilo ni langu mwenyewe.

Kisha akaanza. "Mwambie mama yako aniite."

Sikuelewa. Nikapeleka. Mama alikuwa akipepeta punje chache zilizobaki. "Mwambie babu yako chakula kinapoa." Nikarudisha. Kesho yake tena: "Mwambie aniite jina langu. Mara moja." Nikapeleka. Chakula kinapoa. Na chakula chenyewe kilikuwa majani ya porini yaliyochemshwa.

Siku moja mchana hakunituma. Alikuja mwenyewe, akakaa kwenye kizingiti cha mama, jambo ambalo baba mkwe hafanyi. Mama alikuwa ndani anasaga, mgongo kwetu.

"Mama Ndahani," babu akasema, "nitukane. Nilimtoa mwanao kwa ulimi wangu. Wewe nawe nitoe heshima yangu kwa ulimi wako, tuwe sawa. Sitawaambia watu. Huyu mtoto hatasema. Niite tu kama unavyoita mbwa, nami nitaondoka hapa."

Mama aliendelea kusaga. Nikasogea nitazame, kwa sababu mlio ulikuwa mgeni, mkali. Juu ya jiwe hapakuwa na punje hata moja. Alikuwa akisaga jiwe kwa jiwe.

Babu alikaa mpaka kivuli cha ukuta kikamfikia, akajiinua kwa kushika mlango.

Alikufa kabla Wajerumani hawajaondoka, asubuhi, katika joto. Mwisho ule mama alivunja miiko mingi. Aliingia kwake, akakaa naye, akamwinua kichwa, akamnywesha maji kwa mkono wake bila kunipitishia mimi. Babu hakuwa akitazama maji. Alikuwa akitazama mdomo wa mama. Alikunywa kidogo, mengine yakamtoka pembeni, macho yake yakabaki pale pale mdomoni, yanangoja, mpaka yakaacha kungoja. Wanawake waliokuwapo walisimulia jambo hilo miaka mingi. Mkamwana gani huyu! Hata saa ile, hata kwa huruma, jina halikumponyoka.

Nami nilijivuna. Nilipokuwa mtoto nilidhani nimeona heshima kubwa kuliko zote. Nilipoolewa, nikawa mimi ndiye ninayezungukia majina, nikageuza mawazo. Nikasema hapana, ile ilikuwa adhabu. Alimlipiza mzee kwa kitu pekee alichokuwa nacho. Niliona aibu kidogo kwamba wazo hilo lilinifurahisha. Nilimpenda kaka yangu.

Miaka mingi baadaye, mama akiwa mzee na macho yameanza kuingia ukungu, tulikuwa tumekaa uani tunachambua mlenda. Wala hatukuwa tukiongelea mambo ya zamani. Nikamwuliza tu.

"Mama, mbona hukumwita? Ulitaka ateseke?"

Aliendelea kuchambua.

"Nilimhurumia," akasema. "Pale mlangoni nilimhurumia kweli. Jina lilikuwa hapa." Akagusa koo. "Lakini ningelitaja, lingetoka. Unaelewa? Lingetoka kama neno lingine lolote. Jina ni pumzi moja tu. Na kama liliweza kutoka siku ile mlangoni, basi liliweza kutoka mbele ya askari. Mwanangu angebaki. Sasa ningekaa wapi na jambo hilo?" Akatupa kikonyo. "Ikabidi liwe neno lisilotajika. Lisitajike kabisa. Hata kwake, hata anakufa. Ndipo niweze kuamka asubuhi."

Akasema tena, kama anayelalamikia maumivu ya mgongo, "Na watu wananisifu."

Tulimaliza mlenda, nikaupika, tukala.

Siku ya kaburi alisimama mzee mmoja wa kwetu, mtu mwema, akasema tunamzika mama wa heshima, aliyekaa na baba mkwe wake tangu ujana mpaka kifo wala kinywa chake hakikumtaja hata mara moja, na mabinti wa leo wajifunze. Watu wakaitikia. Wakanigeukia mimi, mwanawe, niseme neno. Nilikuwa nayo ruhusa ya kulitaja jina, kama nilivyokuwa nayo utotoni. Nikasema, "Asanteni kwa kuja."

Watoto wa shule hupita hapa jioni na ndoo zao, wanaambiana twende Ndahani. Wakati mwingine huniuliza alikuwa nani, nami hujibu kama walimu wao, kwamba alikuwa mwenye maji. Si kweli. Alikuwa mtoto wa mwanamke aliyefunzwa vizuri.